Maji ya Mlimani Ndani ya Nyumba (Sehemu ya Tatu): Mashine za Kufyonza na Kuflashi

Ukifungua elbo ya kwanza chini ya tangi katika nyumba za Kilakala, Morogoro, mwishoni mwa masika, mara nyingi utakuta tope laini la kahawia. Likaushe kiganjani, litametameta. Vimeto hivyo ni ulanga, madini yaliyotapakaa katika miamba ya milima ya Uluguru na kuchimbwa huko tangu enzi ya Wajerumani. Mvua za Machi hadi Mei huyakokota kutoka mashamba ya miteremkoni hadi mitoni, na chembe ndogo hufika majumbani. Chembe ya ulanga ni bapa kama gamba la samaki: maji yakienda kasi huelea, yakipungua mwendo hulala. Ndiyo maana bomba lenye maji ya taratibu huziba lenyewe, hata likiwa jipya.

Sehemu mbili zilizopita zilihusu tangi na chujio. Leo tunazungumzia mashine za kuutoa uchafu ulioshaingia. Hapa watu wengi hupoteza fedha kwa kununua presha, wakati kinachohamisha mchanga ni wingi wa maji. Mashine ya kuoshea magari ina presha ya baa 100 au zaidi, lakini hutoa lita 6 hadi 8 tu kwa dakika. Ndani ya bomba la inchi moja maji hayo hutembea polepole mno, mchanga haujali. Mdomo wake ukizibwa na tope, presha yote inaishia kwenye viungo.

Ili mchanga uondoke unahitaji mkondo wa walau mita 1 kwa sekunde. Kuupima kunataka ndoo na saa tu. Bomba la robo tatu ya inchi lijaze ndoo ya lita 20 ndani ya dakika moja, la inchi moja ndani ya sekunde 40, na la nusu inchi ndani ya dakika mbili. Tangi lililoketi kwenye mnara wa mita 3 lina presha ya baa 0.3 tu, na likilisha bomba refu lenye kona nyingi halifikii kiwango hicho. Hapo pampu inahitajika.

Si kila pampu lakini. Ile ndogo ya nusu hosipawa iliyojaa madukani ina impela iliyobanana na kasha lake. Ulanga na mchanga huikwangua, na baada ya muda maji hayapandi tena. Itumie kusukuma maji safi peke yake. Anayetaka kuzungusha maji machafu anunue yenye impela pana, ya petroli ikiwezekana, maana umeme ukikatika katikati ya kazi tope huketi upya mahali pabaya zaidi. Mashine maalumu za kuflashi zinazotoka Ulaya zimeundwa kwa nyumba zinazopashwa joto kwa rejeta za ukutani, ambako maji yaleyale huzunguka miaka mingi na kutengeneza tope jeusi la chuma. Morogoro hakuna mtu anayepasha sebule joto. Kwa maoni yangu fedha hiyo iende kwenye pampu nzuri na mipira minene.

Hita za jua zinadai uangalifu wa peke yake. Zile za mirija ya vioo zisizo na presha zisiunganishwe na kompresa hata kidogo: hewa iliyobanwa hupasua mtungi na kurusha vipande. Tena mirija iliyokauka ikapigwa na jua la mchana hupasuka papo hapo ikipokea maji baridi. Flashi alfajiri, au ifunike turubai tangu jana yake. Kabla ya kuosha mabomba mengine, funga valvu ya hita, la sivyo uchafu wa nyumba nzima utahamia humo.

Vakyumu nayo isiwe ya zulia. Hiyo hupitisha hewa inayoifyonza kwenye mota yake yenyewe, na maji yakifika huko inaungua au inampiga fundi shoti. Tafuta ya majimaji, yenye mota inayopozwa kwa hewa ya pembeni na boya linalokata mvuto ndoo ikijaa. Kwenye boksi usidanganywe na wati. Soma nguvu ya mvuto: kilopaskali 20 hunyanyua maji mita 2 hivi, basi. Inatosha kufyonza tope la chini ya tangi la lita 1,000 kupitia mfuniko wake, lakini haitavuta maji kutoka kisimani. Kwa kazi ya maji toa chujio la karatasi, weka la sponji. Kwa vumbi la zege rudisha chujio laini kabisa, kwa sababu vumbi hilo lina silika inayoharibu mapafu. Ndoo ya lita 30 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo yenye koki ya kumwagia chini ni bora kwa anayefanya kazi juu ya mnara. Umeme wa vakyumu upite kwenye swichi ya kukata uvujaji ya miliampia 30.

Fundi mmoja hahitaji kuzimiliki mashine zote. Vakyumu utaitumia kila wiki, inunue. Pampu ya petroli kazi yake kubwa ni baada ya masika na baada ya vuli, na mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuichangia.