Kwa Nini Baiskeli Yenye Mzigo Haisimami Upesi

Kiongozi wa darasa, hakikisha kila kikundi kina bilauri moja, kipande cha karatasi ngumu na sarafu moja.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mtu wa Kasulu amekwisha kuliona. Mtu ametoka Heru Juu asubuhi na mapema. Nyuma ya baiskeli yake amefunga gunia la maharage, naye anateremka kwenda sokoni mjini. Mbele yake kuna kona, na kwenye kona wapo watoto wanaokwenda shuleni. Anabana breki. Je, atasimama?

Jibu halitokani na bahati. Linatokana na kanuni tatu za mwendo, ambazo Mwingereza mmoja, Isaac Newton, alizichapisha kitabuni mwaka 1687.

KANUNI YA KWANZA. Wekeni karatasi juu ya bilauri, na sarafu juu ya karatasi. Sasa vuteni karatasi kwa ghafula.

(Kimya kidogo. Wanafunzi wafanye jaribio.)

Mmeona nini? Karatasi imeondoka, lakini sarafu imeangukia ndani ya bilauri. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia. Na kitu kinachokwenda huendelea kwenda, moja kwa moja na kwa kasi ile ile, mpaka nguvu fulani ikibadili mwendo wake. Ndiyo sababu gunia lisilofungwa vizuri humpiga mwendeshaji mgongoni anapobana breki kwa ghafula. Baiskeli imepunguza mwendo, lakini gunia bado limo safarini.

KANUNI YA PILI. Nguvu ikiwa kubwa, mwendo hubadilika upesi. Kitu kikiwa kizito, mwendo wake hubadilika polepole. Breki hufanya kazi kwa msuguano, yaani mpira unakwaruzana na gurudumu.

Tufanye hesabu. Mtu ana kilo 60, baiskeli ina kilo 20. Jumla ni kilo 80. Tuseme kwamba mahali tambarare anasimama baada ya hatua 5. Sasa anapakia maharage kilo 80. Jumla imekuwa kilo 160, yaani mara mbili. Kwa nguvu ile ile ya breki, atasimama baada ya hatua 10.

Je, akienda na mzigo huo kwa kasi mara mbili? Wengi watasema hatua 20. La, ni hatua 40! Kwa nini? Kasi ikiwa mara mbili, breki huchukua muda mara mbili kuimaliza. Na katika muda huo wote baiskeli inakwenda upesi mara mbili. Mbili mara mbili ni nne.

Mteremkoni ni hatari zaidi, kwani uzito wa mzigo wenyewe unaivuta baiskeli kuelekea bondeni. Na mvua ikinyesha, mpira wa breki hulowa, msuguano hupungua.

KANUNI YA TATU. Ukisukuma kitu, nacho hukusukuma wewe kwa nguvu iliyo sawa, kuelekea upande wa kinyume. Unapokokota baiskeli kupanda mlima, mguu wako unaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi inakusukuma mbele. Udongo wetu mwekundu ukilowa, mguu huteleza. Huwezi kuisukuma ardhi sawasawa, basi nayo haikusukumi. Gurudumu nalo ni vivyo hivyo: likiteleza, ardhi haiwezi kulizuia.

Basi, tufanyeje? Kwanza, funga mzigo kwa kamba imara. Pili, punguza mwendo kabla ya kuanza kuteremka, usingoje mpaka katikati. Tatu, mteremko ukiwa mkali au njia ikiwa na utelezi, shuka uikokote baiskeli. Kuchelewa sokoni ni hasara ndogo. Mtoto akigongwa, hakuna maharage ya kumlipa mama yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini abiria huinama mbele basi linaposimama ghafula?
2. Baiskeli husimama baada ya hatua 6. Kasi ikiwa mara mbili, itasimama baada ya hatua ngapi?
3. Ni mteremko gani wa kijijini kwenu unaohitaji kushuka na kukokota?