Vijiti vya Simu Havitoshi: Tudai Vipimo vya Ubora



Siku hizi walinzi, madereva wa trekta na wasimamizi wa mashamba na viwanda wengi hutumia redio koli za dijitali. Sisi wengine tunategemea simu za mkononi. Mwenzetu akijikata kwa panga katika kitalu cha mbali, maisha yake yamo katika chombo hicho. Lakini tukilalamika kwamba hatusikilizani, jibu ni lile lile: "Mnara upo, na simu inaonyesha vijiti vinne." Basi yafaa tujue vijiti hivyo vinapima nini.

Kwa kawaida vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi yanayokifikia chombo, na kila mtengenezaji huvipanga apendavyo. Kipimo halisi ni desibeli, na simu nyingi huionyesha katika sehemu ya mipangilio, kwa namba yenye alama ya kutoa. Desibeli 10 ni tofauti ya mara kumi. Kwa hiyo mahali penye -100 mawimbi ni dhaifu mara 1,000 kuliko penye -70.

Hata hivyo, nguvu siyo ubora. Kiwandani mwenzako aweza kukuita kwa sauti kubwa usimwelewe, kwa sababu mashine zinanguruma. Kinachohesabika ni sauti yake imeishinda kelele kwa kiasi gani. Redio nayo ni hivyo hivyo: mota, mashine za kuchomelea na minara mingine inayotumia masafa yale yale huileta kelele yake.

Chombo cha dijitali hugeuza sauti kuwa namba, yaani sifuri na moja. Ubora hupimwa kwa kuhesabu namba zilizopokelewa vibaya. Katika mtandao wa GSM, ambao simu yake ya kwanza ilipigwa Finland mwaka 1991, simu hutoa ripoti kwa ngazi 0 hadi 7. Ngazi 0 maana yake makosa hayafiki 2 katika kila namba 1,000. Ngazi 7 maana yake yamepita 128.

Na hapa ndipo penye hatari. Redio za zamani zilianza kukwaruza, tukajua mawasiliano yanazorota. Redio ya dijitali husahihisha makosa yenyewe, sauti ikabaki safi. Makosa yakizidi uwezo wake, sauti hukatika ghafla. Haitoi onyo.

Hivyo basi, katika mazungumzo na waajiri tudai mambo haya:

1. Vipimo vifanywe mahali tunapofanya kazi, siyo ofisini, na mashine zikiwa zinazunguka.

2. Nguvu na ubora viandikwe vyote viwili, kitalu kwa kitalu.

3. Mwakilishi wa wafanyakazi awepo, na chama kipewe nakala.

4. Mahali palipoonekana pabaya pawekewe antena au chombo cha kurudia mawimbi, na tarehe ya kumaliza kazi itajwe.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mwajiri awe na matayarisho ya dharura na ajali, pamoja na huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza isiyoweza kuitwa haimfai majeruhi. Matawi yaanze sasa kuorodhesha vitalu na vyumba vya mashine ambako sauti hukatika, ili tuingie mkutanoni na orodha mkononi.