Kibandiko cha nyuma ya gari: nani ana haki ya kulaza gari kwenye avenyu?

Ukikwama kwenye ambuteyaji nyuma ya taksi, iwe Bukavu, Goma ao Butembo, angalia kioo chake cha nyuma. Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, yakavuka bahari mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, na mengine yanafika bado na kibandiko kidogo cha mviringo, chenye rangi ya buluu na maandiko ya Kijapani. Unaweza kuzani ni asuranse ya kule, ao vinyeti. Hapana. Kilitolewa na polisi ya Japani, na kilikuwa kinasema jambo moja: mwenye gari hii alionyesha mahali pa kuilaza, na mahali hapo si barabarani.

Kwetu gari inanunuliwa kwanza, mahali pa kuilaza tunatafuta kiisha. Ndiyo sababu jioni kwenye avenyu zetu unakuta gari moja imesimama kushoto, ingine kuume, katikati panabaki nafasi ya moto mbili. Mchana watu wanavumilia. Ni usiku, wakati mama mwenye uchungu wa kuzaa anatafutiwa gari ya kumpeleka hospitali, ao moto unawaka kwenye nyumba za mbao na gari ya kuzima moto inashindwa kupita, njo kila mtu anauliza: ile gari ni ya nani? Mwenyewe anaishi wapi?

Miji mingi ya Ulaya na Marekani ilichukua swali hilo la «anaishi wapi» na kulifanya sheria. Sehemu fulani ya mji inawekewa mipaka na alama, na kwa saa zilizopangwa, gari inayoweza kukaa pale muda mrefu ni ile ya mkaaji mwenye kibali. Wanaosema Kifaransa wanaita kibali hicho karti ya riverain.

Kule Marekani, kesi iliyoleta msingi wa sheria ilitoka Arlington, jimbo la Virginia, ngʼambo ya mto ukitoka Washington. Kuko kartiye ya nyumba za watu inayoitwa Aurora Highlands, jirani na Crystal City yenye maofisi mengi. Watu wa maofisi walikuwa wanakuja asubuhi, wanaacha magari mbele ya nyumba za watu, wanarudi kuyachukua jioni. Viongozi wa Arlington wakaamua: siku za kazi, toka saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi na moja ya jioni, gari isiyo na kibali haikubaliwi kukaa pale. Kibali kilikuwa cha bure. Tena hakikupewa wakaaji peke yao. Watu wanaokuja kufanya kazi kwa wakaaji walikipata, na wageni fulani vilevile.

Wale waliofukuzwa wakashitaki. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na siku mtu atajaribu jambo hili hapa kwetu utaisikia neno kwa neno: barabara ni ya wote, imetengenezwa na feza ya wote, sasa kwa nini jirani akae na mimi niondoke? Korti kubwa ya Virginia iliwapa haki. Lakini mwezi wa kumi 1977 Korti Kuu ya Marekani iligeuza uamuzi huo. Ilisema viongozi wanaweza kutofautisha mkaaji na anayetoka inje kama kuko sababu ya maana: kupunguza moshi na kelele, kulinda maisha ya kartiye, kufanya watu watumie njo zingine za usafiri kuliko kila mmoja kuja na gari yake. Korti haikusema kwamba barabara imekuwa mali ya wenye parseli. Hilo linasahaulika upesi, hata na wakaaji wa kule.

Namna sehemu ya vibali inaanzishwa inatofautiana mji na mji, lakini kazi kubwa ni kuhesabu, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mara nyingi mambo yanaanza na wakaaji wenyewe. Wanaandika barua kwa mji na kukusanya sinyatire, na miji mingi inataka zaidi ya nusu ya nyumba za avenyu ile ziwe zimekubali, kusudi mtu mmoja mwenye sauti kubwa asiwapangie wengine. Kiisha watu wa mji wanapita na daftari, siku za kawaida, saa mbalimbali. Wanahesabu nafasi zote, wanahesabu magari, wanaandika namba za plake. Daftari hilo linajibu maswali mawili. La kwanza: nafasi zimejaa kiasi gani? Kipimo kinachotumika mara nyingi ni robo tatu ao zaidi. La pili: magari hayo ni ya nani? Hapo wanalinganisha plake na anwani za wenye magari.

Swali la pili njo linaamua. Kama avenyu imejaa sababu ya soko, ofisi, kanisa ao hospitali iliyo karibu, kibali kinaweza kusaidia, kwa sababu kuna watu wa kuondoa. Kama avenyu imejaa na magari yote ni ya wakaaji wenyewe, kibali hakitatengeneza hata nafasi moja. Kila mtu atapata karatasi yake na usiku watazidi kugombana vilevile, safari hii kila mmoja akiwa na karatasi mkononi. Viongozi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kuhesabu kunachosha, na matokeo yake pengine yanasema kile ambacho hawataki kusikia.

Baada ya hapo kunakuwa mkutano wa watu wote. Ni pale mwalimu wa shule ya jirani anasimama kuuliza atasimamisha gari wapi, mwenye duka analia wateja wake, na mzee anayetunzwa na mfanyakazi wa inje anauliza kama mtu wake ataandikiwa makosa. Na watu wa avenyu ya pili wanaogopa, kwa haki: ukifunga avenyu moja, magari hayapotei, yanahamia kwao. Ndiyo maana sehemu ya vibali mara nyingi inaanza ndogo na mwaka unaofuata inapanuka.

Kiisha alama zinasimikwa, na mkaaji anaomba kibali kwa kuleta mambo mawili: karatasi ya gari yenye jina lake, na ushuhuda wa makao, kama kontra ya nyumba ao fakture ya umeme. Bila mtu wa kupita kukontrole, alama ile inabaki pambo.

Boston ni mfano mzuri wa mahali ambapo kibali kilitolewa bila kuhesabu mwisho. Kule kibali cha mkaaji ni cha bure na hakuna kikomo cha vibali vinavyotolewa. Unaweza kuwa nacho na ukazunguka kartiye nusu saa bila kupata pa kusimama. Watu wa mipango ya miji wanakilinganisha na kibali cha kuwinda: kinakuruhusu kuingia porini, lakini mnyama utamtafuta mwenyewe. Amsterdam ilishika njia ingine. Kila sehemu ina idadi yake ya vibali. Vikiisha, unaandikwa kwenye liste na unangojea. Tangu 2019 mji huo uliamua kupunguza hata vile vilivyopo, karibu 1,500 kila mwaka, kusudi nafasi zirudi kwa miti, baiskeli na watembea kwa miguu.

Wengi wetu tuna ndugu Bruxelles, na wao wanajua jambo hili vizuri. Matonge, kartiye ya Wakongomani iliyo katika komini ya Ixelles, iko mahali ambapo kulaza gari kunalipiwa. Mkaaji ana karti yake, na karti ya gari ya pili nyumbani mule inauzwa bei ya juu kuliko ya kwanza. Siku hizi haibandikwi tena kwenye kioo: inafungwa na namba ya plake, na gari za kontrole zenye kamera zinapita zikisoma plake moja moja. Sasa anayetoka mji mwingine siku ya posho kuja kusuka nywele ao kununua pondu analipa, wakati jirani wa mwenye saluni halipi kila saa kama yeye. Kartiye inayoishi kwa wateja wa inje inasikia uzito huo zaidi kuliko kartiye ya kulala tu. Ni jambo la kukumbuka unapofikiria Kadutu ao Birere.

Japani waligeuza swali lote. Kwa sheria yao ya 1962, wao hawakuuliza nani apate nafasi ya barabarani. Walisema barabara si mahali pa kulaza gari. Kabla ya kuandikisha gari ya kawaida, mnunuzi anaenda kwa polisi na karatasi: ramani ya mahali pake, vipimo, na kama ni mahali pa kupanga, kibali cha mwenye parseli. Mahali pale pasizidi kilometa 2 toka nyumbani, gari iingie yote bila mkia kubaki inje, na iweze kutoka mpaka barabarani. Polisi anaweza kuja kuangalia. Na sheria inakataza kuacha gari mahali pamoja barabarani zaidi ya saa 12 mchana, ao saa 8 usiku. Kibandiko kile cha mviringo kilikuwa alama ya kupita mtihani huo. Wamekiondoa tarehe 1 Aprili 2025, kwa sababu polisi sasa inaona habari kwenye kompyuta. Mtihani wenyewe umebaki. Ubaya wake ni wazi: asiye na nafasi analipia parking kila mwezi, ao anaacha kununua gari. Lakini avenyu zao nyembamba, zingine nyembamba kama zetu, zinapitika.

Sasa kwetu kuna nini? Kuko vitu zaidi ya vile tunavyofikiri. Code de la route ya Kongo, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inakataza tayari kusimamisha gari mahali inapozuia wengine kupita. Ushuhuda wa makao upo: shefu wa kartiye anatoa atestasio ya makao. Shefu wa avenyu na wa nyumba kumi wanajua gari ya nani inalala wapi kuliko kompyuta yoyote. Na feza ya parking inalipishwa kwa taksi na moto, hata kama haimpatii mtu nafasi inayojulikana.

Kinachokosekana ni mpaka kati ya haki na ujanja. Angalia mawe, matairi na vyuma vilivyowekwa mbele ya maduka na nyumba, na rangi iliyoandikwa ukutani «parking privé» huku mahali penyewe ni barabara ya Serikali. Hicho ni kibali pia, isipokuwa mtu alijipa mwenyewe. Angalia vilevile gareji za kando ya barabara, zenye gari zilizokufa miezi sita bila magurudumu. Ukileta karti ya wakaaji juu ya hali hii bila kuisafisha kwanza, mwenye nguvu atabaki na mawe yake na masikini atalipa karatasi. Tena atestasio ya makao ikianza kufungua nafasi ya gari, itapata bei kwa njia ya kando. Kwa maoni yetu karti si hatua ya kwanza kwa miji yetu. Njia ya kupita njo inatangulia: upande mmoja wa avenyu ubaki wazi usiku kucha, na gari mbovu ziondolewe.

Hata hilo linaanza na daftari. Vijana wawili wa avenyu wanaweza kulifanya bila kungojea komini: wapite siku tatu za kazi na siku ya soko, asubuhi, mchana, na usiku kiisha saa tatu. Waandike ni gari ngapi, ngapi ni za wakaaji, ngapi za inje, ngapi hazijasogea tangu walipopita mara ya kwanza. Wapime na kamba upana unaobaki katikati. Gari ya kuzima moto inahitaji karibu metre tatu na nusu ili ipite bila kugusa. Karatasi hiyo, ikisindikizwa na sinyatire za wakaaji, inapelekwa kwa shefu wa kartiye na nakala kwa burgumesta. Polisi ya rulaje wakialikwa kwenye mkutano, waulizwe swali moja mbele ya watu wote: nani atapita kuangalia saa nne ya usiku, na akikuta gari imefunga njia atamuita nani?