Homa ikishuka, usikimbilie darajani

Siku ya nne au ya tano, mgonjwa wa mafua makali huamka shuka limelowa jasho, kichwa kimepoa, na anaomba chai mwenyewe bila kubembelezwa. Hapo ndipo wengi wetu hapa wilayani Rusizi tunapovaa viatu. Mwenye meza katika soko la Kamembe anafikiria nyanya zinazooza. Mvuvi wa sambaza anafikiria zamu yake ya usiku ziwani. Mama anayevuka daraja kupeleka bidhaa Bukavu anafikiria wateja watakaohamia kwa mwingine.

Siwalaumu, maana anayekula kwa jasho la siku hana likizo ya ugonjwa. Lakini homa kushuka bado si kupona. Virusi vya mafua huchubua utando wa ndani wa njia ya hewa, na utando huo hauwezi kuota upya kwa usiku mmoja. Katika siku hizo bakteria hupata pa kuingilia kwa urahisi, ndiyo maana nimonia mara nyingi humvamia mtu aliyekwisha kuwaambia majirani kuwa yu mzima. Mwaka 1918, mafua yalipozunguka dunia na kupita hata Afrika Mashariki, wengi waliokufa walimalizwa na nimonia iliyofuata, na wakati huo hapakuwa na antibiotiki. Leo dawa zipo, lakini Shirika la Afya Duniani bado linakadiria kuwa mafua ya kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000.

Kabla ya kujiuguza, hakikisha unauguza ugonjwa wenyewe. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Ukishuka kutoka Kamembe hadi bonde la Bugarama, kwenye joto na mashamba ya mpunga, mbu wapo wa kutosha, na malaria huanza kama mafua yanavyoanza: baridi, kichwa kuuma, viungo kuvunjika. Kikohozi kikavu na koo linalowasha huashiria mafua, ila si vya kutegemea peke yake. Mhudumu wa afya wa kijiji hukuchoma kidole, na kabla nusu saa haijaisha umejua kama ni malaria au siyo. Kumpa mtoto wa Bugarama dawa ya kikohozi siku mbili nzima bila kipimo ni kumchezea maisha.

Kipimo kikishaonyesha kuwa si malaria, kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Nianze na chumba, kwa sababu ndiko tunakokosea zaidi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi tunaishi milimani juu yake. Mvua za Aprili zikichanganyika na upepo wa ziwa, mgonjwa hutetemeka. Basi tunafunga dirisha, tunaziba chini ya mlango kwa kitenge, kisha tunaingiza imbabura, jiko letu la makaa, ikiwa na makaa mekundu kando ya kitanda chake. Moshi unaidhuru tena njia ya hewa iliyokwisha kuchubuka. Na hata makaa yakiwa hayatoi moshi unaoonekana, hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua familia nzima usingizini. Imbabura ikae nje. Mgonjwa aongezewe blanketi na soksi, na dirisha liachwe wazi kidogo, ili hewa ile ile inayomsaidia yeye iwapunguzie virusi wanaolala naye.

Anywe kidogo kidogo, mara nyingi: maji yaliyochemshwa, chai, uji mwepesi wa mtama, mchuzi wa sambaza. Kipimo kizuri ni mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, hajanywa vya kutosha. Asali hutuliza kikohozi, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Umuravumba, mmea wa dawa wa bibi zetu, sina ugomvi nao kama kinywaji cha moto cha kumfariji mtu mzima, mradi usichukue nafasi ya kipimo. Kujifukiza ndiko kunakonitia hofu. Mvuke hulegeza pua kwa muda lakini hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri kutokea.

Paracetamol inatosha kwa homa na maumivu: kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, visirudiwe kabla ya saa nne hadi sita kupita, na visizidi vinane kwa siku. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Vile vidonge vya amoksisilini vilivyobaki kabatini tangu jipu la mwaka jana viacheni, haviui virusi.

Baada ya hapo inabaki dawa ngumu kuliko zote, yaani siku za kupumzika. Mafua huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baadaye, kwa hiyo anayerudi sokoni mapema anawapelekea wenzake ugonjwa. Tulilijua hili Juni 2020, korona ilipofanya wilaya yetu ifungiwe huku sehemu kubwa ya nchi ikiwa imefunguliwa. Tulinawa kwenye kandagira ukarabe, kifaa cha kunawia kinachokanyagwa kwa mguu, kila mlangoni na kumtengea mgonjwa kikombe chake. Mazoea hayo yanafaa kwa mafua pia.

Ila hakuna anayeweza kupumzika bila wenzake kumshika mkono. Wazee wetu walimbeba mgonjwa katika ingobyi, machela yetu ya asili, wakipokezana mabega hadi kituo cha afya. Ibimina vyetu vya leo, yaani vikundi vya kuweka akiba, vingi vina mfuko wa kumsaidia mwanachama aliyepata tatizo, lakini mafua hatuyahesabu kuwa tatizo. Naamini tunakosea. Siku mbili tatu za kuuziwa nyanya zako na jirani, za kutekewa maji na kuletewa makaa, ni gharama ndogo kuliko kulazwa hospitali ya Gihundwe au Mibilizi kwa nimonia. Katiba ya kikundi inaweza kuongezewa mstari mmoja kuhusu hilo katika kikao kijacho.

Usingoje kikao, hata hivyo, ukiona homa iliyokwisha kushuka imepanda tena na kikohozi kimezidi, mgonjwa anahema kwa shida, kifua kinamchoma au anaongea maneno yasiyoeleweka. Apelekwe siku hiyo hiyo. Mjamzito, mzee, mtoto mdogo, mwenye pumu, kisukari au VVU wasisubiri hata dalili hizo, waonwe mapema. Na kikohozi kikipita wiki mbili, hata kama nguvu zimerudi na umeshaanza kuvuka daraja, peleka makohozi kituo cha afya yapimwe kifua kikuu.