Mantiki ya Kusanifu Kadi za Matundu katika Ufumaji wa Sweta kwa Mashine ya Mkono

Makala haya yanafafanua namna mchoro unavyogeuzwa kuwa kadi ya matundu inayoongoza mashine ya mkono ya kufumia sweta. Hoja kuu ni kwamba kadi si picha ya pambo bali ni mfululizo wa amri. Msanifu anayeichukulia kuwa picha hupata pambo lililobonyea, au sweta ambayo nyuzi zake hunasa vidole vya mvaaji.

Matumizi ya kadi kuongoza nyuzi yanahusishwa zaidi na Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Mashine za nyumbani za kipimo cha kawaida, kama zile za Brother na Silver Reed, zilirithi wazo hilo. Mashine ya aina hii huwa na sindano 200, ilhali kadi ina nafasi 24 tu kwa upana. Kwa hiyo amri za nafasi hizo hujirudia kando kwa kando. Katika ufumaji wa rangi mbili, tundu huita rangi ya pili, na pasipotobolewa hufumwa rangi ya msingi.

Usanifu wa kadi hizi unatawaliwa na masharti matatu. Sharti la kwanza ni upana. Pambo linalojirudia lazima liwe na vitanzi 2, 3, 4, 6, 8, 12 au 24. Pambo la vitanzi 5, kwa mfano, huingia mara nne na kubakiza nafasi 4, na kasoro hiyo huonekana tena kila baada ya vitanzi 24.

Sharti la pili ni uwiano. Kitanzi ni kipana kuliko kimo chake. Tuchukulie kipande cha majaribio chenye vitanzi 28 na safu 40 katika sentimita 10 za mraba wake. Mraba wa vitanzi 24 kwa safu 24, uliochorwa kwenye karatasi ya miraba ya kawaida, utakuwa na upana wa sentimita 8.6 na kimo cha sentimita 6 tu. Ili mraba ubaki mraba, safu zinazohitajika ni takribani 34. Kwa sababu hiyo, kipande cha majaribio hutangulia mchoro.

Sharti la tatu ni nyuzi za nyuma. Rangi isiyofumwa hupita nyuma ya kitambaa bila kushikwa, na ikipita mbali huning'inia na kunasa. Tuseme tumejiwekea kikomo cha vitanzi 5, na tunasanifu umbo la almasi linalojirudia kila baada ya vitanzi 12. Kwenye ncha, rangi ya pili ina kitanzi kimoja, na uzi wake hupita nyuma ya vitanzi 11, yaani karibu sentimita 4. Katikati ya almasi, penye vitanzi 11 vya rangi ya pili, ni uzi wa msingi unaoning'inia.

Hapa hesabu inafichua jambo ambalo jicho halilioni. Vitanzi vya rangi mbili vikijumlishwa kuwa 12, haiwezekani kila upande uwe na 5 au pungufu. Kwa hiyo almasi isiyo na nyongeza huvunja kikomo katika kila safu, si kwenye ncha pekee. Suluhisho ni kuongeza nukta: tundu moja katikati ya nafasi inayotenganisha almasi pale zinapokuwa nyembamba, na nafasi moja isiyotobolewa katika kiini cha almasi pale inapopanuka. Kwenye ncha, mpangilio unakuwa 1, 5, 1, 5, na kikomo kinatimizwa.

Hivyo basi, nukta ambazo mtazamaji huzidhania kuwa urembo zinaweza kuwa na kazi ya kushika uzi. Makala yanahitimisha kuwa ufundishaji wa stadi hii uanze na kipande cha majaribio, uendelee na hesabu ya kila safu, na umalizikie kwenye kutoboa. Tundu lililokosewa huweza kuzibwa kwa utepe wa gundi. Sweta iliyokwisha kufumwa ni vigumu zaidi kuirekebisha, na mara nyingi hulazimu kufumuliwa.