Samaki Aivie Ndani ya Pai

Pai ya vyakula vya baharini kwa mtindo wa Marekani, yenye rojo zito chini na unga uliookwa juu, ni chakula cha kushibisha na kuliwaza, hasa majira ya mvua. Hata hivyo, wengi wanaoijaribu nyumbani huishia kula kamba wagumu kama mpira katika mchuzi uliojitenga na maji. Lawama hutupiwa oveni, ilhali kosa lilishafanyika sufuriani: samaki aliingia kwenye pai akiwa ameshaiva. Kinachopaswa kuiva kwanza ni rojo. Samaki na kamba waingie wabichi.

Sababu imo katika minofu yenyewe. Samaki hubebwa na maji, hivyo mwili wake hauna kano nyingi ngumu kama za ng'ombe, na huanza kuiva joto likikaribia nyuzi 50 za Selsiasi. Kamba naye, akishajikunja na kugeuka rangi ya waridi, ameiva; moto unaozidi hapo humkamua maji, na maji hayo ndiyo yanayoharibu rojo. Kwa gramu 600 za kamba waliomenywa na vipande vya nguru au changu, chemsha maganda ya kamba kwa dakika 20, uchuje upate supu. Kaanga kitunguu na karoti katika gramu 50 za siagi, tia unga wa ngano gramu 50, kisha mimina kidogo kidogo nusu lita ya supu iliyochanganywa na maziwa, huku ukikoroga. Rojo liwe zito kuliko unavyopenda kulila, kwani samaki atatoa maji humo, nalo lipoe kabisa, lisije likayeyusha siagi ya unga wa juu kabla haujashikana. Changanya samaki, mimina katika bakuli pana la kuokea, funika kwa unga uliokandwa kwa maji baridi na siagi nusu ya uzito wake, toboa tundu katikati, kisha oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 30 hivi.

Atakayehofia ubichi ana haki, maana samaki anapaswa kufikia nyuzi 63 ndani ili awe salama. Lakini rojo likitokota hadi kwenye tundu la katikati, joto limeshapita hapo, mradi vipande havikuwa vikubwa. Pweza ndiye asiyefuata kanuni hii: mwili wake una kano nyingi, basi achemshwe hadi alainike kabla ya kutiwa. Asiye na oveni naye asikate tamaa. Wapishi wa pwani hupalia makaa juu ya mfuniko tangu zamani, na moto wa juu na chini unaokausha wali unaweza kuoka pai, mradi makaa ya chini yawe machache. Maziwa yakikosekana, tui la nazi linafaa, kwa kuwa unga ulio katika rojo hulisaidia lisikatike.

Kwa hiyo, anayetaka pai nzuri atumie muda wake kwenye supu na rojo, wala asimwonee samaki huruma ya kumchemsha kwanza. Nusu saa ya kuoka inamtosha.