Mjue Nondo kwa Bawa Lake: Wadudu Wadogo Waharibuo Mazao Meru na Embu

Nondo ni mdudu wa usiku. Watu wengi wamezoea kumwona akizunguka taa, akijigonga kwenye kioo, kisha akaanguka mezani, wala hawamtii maanani. Haumi, hadungi, na akisha kukua hatafuni majani. Lakini watoto wake, yaani viwavi, ndio watoboao viazi ghalani, hula kabichi shambani, na huingia katika moyo wa mhindi. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa Meru na Embu, kimlacho mara nyingi ki ukutani mwake, kimetulia karibu na taa, kimekunja mabawa.

Wala si kila nondo ni adui. Wako wengi ambao viwavi wao hula magugu tu, na wengine huchavusha maua gizani kama nyuki wafanyavyo mchana. Amwonaye nondo mmoja akakimbilia bomba la dawa huenda akapoteza fedha zake bure, na pamoja na fedha hizo akawaua wadudu waliokuwa wakimsaidia. Basi jambo la kwanza ni kujua jina la mgeni aliyefika. Na jina hilo, kwa sehemu kubwa, limeandikwa juu ya mabawa yake.

UNGA WA MABAWA

Mtu akimshika nondo huona unga umebaki vidoleni. Unga huo si vumbi. Ni magamba madogo sana yaliyopangwa safu kwa safu juu ya bawa, kama vigae juu ya paa. Gamba moja huwa na rangi yake, na magamba mengi yakikaa pamoja hufanya madoa, mistari na mapambo. Ndiyo sababu wataalamu wakaipa jamii ya nondo na vipepeo jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa ya magamba.

Magamba hayo hupukutika upesi. Nondo aliyeishi siku nyingi, au aliyeshikwa kwa pupa, hubaki kama kitambaa kilichochujuka, na hapo hata mtaalamu hupata taabu kumtambua. Yafaa kumfunika kwa bilauri, kupitisha karatasi chini yake, na kumtazama kwa mwanga wa mchana. Na kama kioo cha kukuzia kipo, ni vizuri zaidi. Atazame kwanza jinsi mdudu anavyokunja mabawa. Kisha alama za mabawa mawili ya mbele. Halafu rangi ya mabawa mawili ya nyuma, ambayo hufichwa chini ya yale ya mbele. Na mwisho matamvua ya ukingoni.

NCHI YA BARIDI: KABICHI NA VIAZI

Katika nchi za juu za Meru, kama Kibirichia na Timau, mashamba ya kabichi na viazi ni mengi. Adui mkubwa wa kabichi na sukuma wiki ni nondo mwembamba ambaye urefu wake hauzidi sentimita 1, aitwaye na wataalamu Plutella xylostella. Akitua hukunja mabawa yake mgongoni kama paa la nyumba. Kwenye ukingo wa kila bawa kuna mstari wa rangi ya maziwa uliojipindapinda, na mistari hiyo miwili ikikutana mgongoni hufanya alama tatu zilizofuatana, mfano wa uru katika karata. Ncha za mabawa yake zimeinuka kidogo kama mkia wa jogoo. Kiwavi wake ni wa kijani; akiguswa hujinyonganyonga, kisha hujiangusha kwa uzi mwembamba.

Kumjua huyu ni jambo la maana kwa sababu huzoea sumu upesi kuliko wadudu wengi. Mwaka 1953 ilikwisha kutangazwa kwamba huko Java dawa ya DDT haikumwua tena. Basi mkulima apulizaye dawa ile ile kila juma humlea adui badala ya kumwangamiza. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilianza kuwaachia katika nchi za juu za Kenya nyigu wadogo waliotoka Taiwan. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya viwavi wa nondo huyu, na viwavi hufa. Lakini dawa kali ikipulizwa ovyo, nyigu nao hufa. Dawa itengenezwayo kwa bakteria Bacillus thuringiensis huua viwavi walao majani yaliyopulizwa, na huwaachia nyigu nafasi ya kufanya kazi yao.

Nondo wa viazi ni mwingine kabisa. Mabawa yake ya mbele ni membamba, yenye rangi ya majivu iliyochanganyika na hudhurungi, na yana madoa meusi. Jike akikunja mabawa, madoa hukutana mgongoni yakafanya alama kama herufi X. Dume hana X, bali ana madoa mawili au matatu kila upande. Matamvua ya mabawa ya nyuma ni marefu kama nywele.

Aionapo alama hiyo ya X, mkulima hana haja ya kukimbilia dukani. Nondo huyu hutafuta viazi vilivyo wazi, vilivyochungulia katika nyufa za udongo, akataga mayai karibu na macho ya kiazi. Dawa yake ya kwanza ni jembe: kuinua udongo vizuri juu ya mashina, kuvuna kwa wakati, na kutoviacha viazi vilivyong'olewa vilale shambani usiku bila kufunikwa. Tena majani makavu ya viazi yasitumiwe kuvifunika, kwa kuwa viwavi waliomo hushuka wakaingia katika viazi.

KAHAWA NA MAKADAMIA

Mtu akishuka kutoka baridi hiyo huingia katika nchi ya kahawa: Imenti, Chuka, Runyenjes na Manyatta. Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambamo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Humo yumo nondo mdogo kuliko wote waliotajwa: urefu wake ni kama milimita 3 tu, naye ni mweupe mng'aavu. Mti wa kahawa ukitikiswa, huruka kama chembe za karatasi. Kiwavi wake huishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha baka la hudhurungi. Wakulima wengine hudhani baka hilo ni ugonjwa, wakapuliza dawa ya ukungu, nayo haifanyi kitu. Ngozi ya juu ya baka ikikunjuliwa kwa ukucha, viwavi huonekana wamelala ndani.

Hapa bawa husema nusu tu ya habari. Kenya ina aina mbili za nondo hawa weupe, Leucoptera meyricki na Leucoptera caffeina, nao hufanana mno. Kinachowatenga upesi ni mayai yao juu ya jani. Wa kwanza huyatawanya huku na huku. Wa pili huyapanga safu moja yakigusana, kando ya mshipa mkubwa wa jani, tena hupendelea kahawa iliyo kivulini.

Katika mashamba hayo hayo mna makadamia na maparachichi, na humo huingia nondo wa asili ya Afrika aitwaye Thaumatotibia leucotreta. Mabawa yake yamechanganya kijivu, hudhurungi na weusi, hata akitua juu ya gome la mti haonekani. Lakini atazamwe vizuri: katikati ya bawa la mbele mna doa dogo jeupe, na karibu na ukingo wa nje mna alama iliyopinda kama alama ya kuuliza. Dume huongeza ishara yake, kifuko kidogo cha nusu duara katika bawa la nyuma.

Doa hilo dogo lina bei kubwa. Nondo huyu hutaga juu ya matunda ya aina nyingi, yakiwamo machungwa na pilipili, na hata katika maua ya waridi. Ulaya haimtaki kabisa. Tangu mwaka 2018 nchi za Umoja wa Ulaya zimedai uthibitisho maalumu kwa pilipili zitokazo katika nchi alimo, na kiwavi mmoja akionekana, shehena nzima huweza kukataliwa. Kwa hiyo matunda na kokwa zilizoanguka zisiachwe chini ya miti. Zikusanywe na kuzikwa kwa kina, maana kiwavi hutoka humo akaingia udongoni, kisha akarudi akiwa na mabawa.

NYANYA: PACHA WASIOTENGEKA

Huko Mitunguu na sehemu nyingine za joto zinazonyweshwa kwa mifereji, nyanya zilipata mgeni mpya. Nondo aitwaye Tuta absoluta alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akathibitishwa Kenya. Urefu wake ni kama milimita 6. Mabawa yake ni ya kijivu cha fedha yenye madoa meusi madogo. Ni ndugu wa karibu wa nondo wa viazi aliyetajwa juu, na madume ya aina hizo mbili yakiwa yamechakaa mabawa, hakuna jicho linaloweza kuyatenga kwa hakika. Wataalamu wenyewe huwafungua tumbo na kuwatazama kwa darubini.

Mkulima asiye na darubini na autazame mmea. Majani ya nyanya yenye mabaka yaliyotobolewa ndani, yakiwa na mavi meusi humo humo, na matunda yenye vitundu karibu na kikonyo, hutoa ushahidi ambao bawa halikuweza kuutoa.

MAHINDI NA MTEGO WA NDOO

Chini zaidi, Mbeere na Tharaka, mvua ni haba, na shamba la mahindi likipotea nyumba hukosa chakula. Mwaka 2016 viwavi jeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, wenye asili ya Amerika, walitangazwa Afrika Magharibi. Mwaka 2017 walithibitishwa Kenya. Nondo wao huweza kuruka kilometa nyingi kwa usiku mmoja, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Ili kujua wamefika, hutundikwa ndoo ya plastiki yenye kipande kinachotoa harufu ya jike. Madume huifuata harufu hiyo wakanaswa.

Kosa hutokea wakati wa kuhesabu. Harufu hiyo huwavuta nondo wengine pia, na katika sehemu kadhaa za Afrika imeonekana kwamba Leucania loreyi, asiye mvamizi, hunaswa pamoja naye. Ahesabuye wote kuwa wavamizi hupuliza dawa shamba ambalo halijavamiwa. Lakini mabawa huwatenga waziwazi. Dume wa mvamizi ana bawa la mbele la kijivu na hudhurungi, lenye baka jeupe la pembe tatu kwenye ncha, na mabawa ya nyuma ni meupe kama fedha. Loreyi ana rangi ya nyasi kavu, mistari miembamba ifuatayo mishipa, na nukta moja nyeupe katikati. Wala mvamizi asichanganywe na kiwavi jeshi wa Afrika wa tangu zamani, Spodoptera exempta. Nondo wa huyo ana mishipa myeusi inayoonekana wazi juu ya weupe wa mabawa ya nyuma.

Mwenye kuona baka jeupe la pembe tatu na aingie shambani siku hiyo hiyo. Mtego hunasa madume tu. Majike wako nje wakitaga. Ayatafute mafungu ya mayai yaliyofunikwa kwa manyoya, na majani machanga yaliyoparuliwa hata yakawa kama kioo. Viwavi wakiwa wadogo dawa huwafikia. Wakisha kuzama ndani ya moyo wa mhindi na kuuziba kwa mavi yao, dawa hubaki juu na kiwavi hubaki chini. Akimtoa mmoja amtazame kichwani: alama nyeupe mfano wa Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba, humaliza shaka.

AKIBA YA SANDUKU LA KIBIRITI

Nondo asiyejulikana asitupwe. Atiwe katika sanduku tupu la kibiriti juu ya pamba laini, pamoja na kikaratasi chenye tarehe, mahali, na mmea alipoonekana, kisha apelekwe kwa afisa wa kilimo, ambaye wazee wangali wakimwita Bwana Shamba. Hivyo ndivyo walivyohifadhiwa nondo wa Makumbusho ya Taifa huko Nairobi, kila mmoja na kikaratasi chake chini ya pini. Mdudu asiye na tarehe wala mahali ni pambo tu. Mwenye kikaratasi humweleza mtaalamu nani amefika, wapi, na lini, na jirani wa ng'ambo ya pili ya mto akapata habari kabla viwavi hawajatoka katika mayai.